Ukishalinunua, gari la umeme ni la nani?

Ukisikiliza watu wakibishana kuhusu magari ya umeme, utadhani kinachogombewa ni mota. Huyu anasema umeme hauna nguvu, yule anajibu kwamba petroli imepitwa na wakati, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa maoni yangu kesi hiyo ilishaamuliwa: mota ya umeme ni mashine bora kuliko injini ya mafuta. Yanayostahili mjadala ni mambo mawili yanayoizunguka, yaani utachajia wapi, na nani ana kauli juu ya gari ukishalilipia.

Sifa zake kwanza, maana anazistahili. Injini ya petroli hupeleka kwenye magurudumu kiasi cha robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta. Nyingine karibu yote hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Gari la umeme hutumia zaidi ya robo tatu ya umeme wa betri kwenda mbele. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna klachi. Ukiinua mguu kwenye pedali, mota inageuka jenereta: gari linapunguza mwendo huku umeme ukirudi kwenye betri, na pedi za breki haziliki kila kukicha. Kwenye foleni, raha hiyo haina mfano.

Wala si teknolojia ya jana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alipita kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari la umeme, na halikuwapo gari lolote la barabarani lililokuwa limefika hapo. Betri za wakati ule ndizo zilizoliangusha. Zilikuwa nzito na zilihifadhi umeme kidogo. Cadillac ilipoleta stata ya umeme mwaka 1912, kero ya kuwasha petroli kwa hendeli ikaisha, na mbio zikaishia hapo. Ilibidi kusubiri betri ya lithiamu-ioni, ile inayochajiwa tena na tena, iliyoingia sokoni mwaka 1991.

Sasa kuchaji. Hapa watu wawili wenye gari lile lile wanaweza kukupa habari zinazopingana kabisa, na wote wakawa wakweli. Chukua betri ya kilowati-saa 60. Soketi ya kawaida inayotoa kilowati 2 hivi itahitaji zaidi ya saa 24 kuijaza kutoka sifuri, ilhali chaja ya ukutani ya kilowati 7 huimaliza usiku mmoja. Mwenye maegesho yake na chaja hiyo anaamka gari liko tayari, na vituo vya umma anavikumbuka akiwa na safari ndefu tu. Anayekaa ghorofani na kuegesha kando ya barabara anategemea vituo hivyo kila wiki, pamoja na foleni zake, chaja mbovu na programu za simu zinazokataa malipo. Hata chaja ya kasi ina tabia yake. Betri ikikaribia asilimia 80, gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili kulinda seli za betri, na sehemu ndogo iliyobaki huenda kwa mwendo wa kuchosha. Mgeni anayeng'ang'ania kufika 100 anapoteza muda wake na wa walio nyuma yake.

Januari 2024, baridi kali ilipoipiga Chicago, magari mengi ya umeme yalikwama vituoni. Betri iliyopoa sana hupokea umeme polepole, foleni zikarefuka, na wengine wakaishiwa chaji wakiwa bado wanasubiri. Wapinzani waliichukua habari hiyo kama hukumu. Lakini Norway, ambako baridi si ngeni, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa mwaka huo huo yalikuwa ya umeme. Wanorway wengi huchajia nyumbani, vituo vya kasi wanavyo vingi, na kwa miaka mingi serikali iliyapa magari hayo nafuu kubwa ya kodi. Ndiyo maana simlaumu asiye na pa kuchajia akisema atasubiri. Amepiga hesabu zake sawasawa.

Mazingira nitayapita haraka. Kutengeneza betri huchafua hewa, kwa hiyo gari huanza maisha na deni ambalo hulilipa kadiri linavyotembea: mapema kama umeme unatokana na maji au jua, kwa kuchelewa kama unatokana na makaa ya mawe. Kobalti, ambayo sehemu kubwa yake huchimbwa Kongo, na nyingine huchimbwa kwa mikono katika mashimo ya hatari, ni doa la kweli. Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli na zinazidi kuenea, ila doa halijafutika.

Kinachonikosesha raha zaidi ni programu za kompyuta zilizomo ndani ya gari. Septemba 2017, kimbunga Irma kikiikaribia Florida, Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilituma amri kwa mbali na baadhi ya magari yake yakaongezewa papo hapo umbali yanaoweza kwenda kwa chaji moja. Waliokuwa wanakimbia walisaidika, na hilo ni jema. Ila tazama kilichotokea: hakuna fundi aliyeligusa gari, hakuna seli iliyoongezwa. Uwezo ule ulikuwamo tangu siku ya kwanza, umefungwa kwa programu kwa sababu mnunuzi alichukua toleo la chini. Dharura ilipopita, ukafungwa tena.

Mtetezi atasema aliyelipa kidogo alipata alicholipia, na hoja hiyo ina uzito. Ana hoja nzito zaidi. Mwaka 2018 Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa, ilipima gari la Tesla Model 3 ikakuta linachelewa kusimama. Kampuni ikatuma sasisho la programu kwa mbali, na lilipopimwa tena umbali wa kusimama ulikuwa umepungua kwa takriban mita 6, bila gari kuingia gereji. Mita 6 zinatosha kumwokoa mtoto aliyekatiza barabara. Siwezi kusema mlango huo ufungwe.

Tatizo ni kwamba mkono unaoweza kuongeza unaweza pia kupunguza, au kutoweka. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme, ilipofilisika Juni 2024, wenye magari yake walibaki na hofu kwamba seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowasiliana na gari, zikizimwa na spea zikikosekana, gari jipya litakuwa mzigo. Na tuwe wakweli: magari mapya ya petroli nayo yamejaa kompyuta. Mwaka 2023 Mozilla, shirika linalotetea faragha mtandaoni, ilichunguza chapa 25 za magari kuhusu faragha ya wateja, na zote zilifeli.

Kwa mwenye pa kuchajia, mimi nasema anunue, lakini kabla ya rangi na kasi aulize ni nani mwingine, nje ya kampuni, anayeweza kulifungua, kulisoma na kulitengeneza. Umoja wa Ulaya umeanza upande wa betri: kuanzia Februari 2027, betri za magari ya umeme zinazoingia sokoni humo zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki yenye taarifa za betri husika. Ningetaka sheria kama hiyo kwa programu, kwamba kampuni ikifa au ikiacha kulihudumia gari, ilazimike kukabidhi funguo zake za kidijitali ili mafundi wengine waendelee na kazi.