Kuchora kwa kutazama picha si kudesa

Kijana anayechora wahusika wa katuni hapa Moshi akikutwa ameegemeza simu kwenye daftari, picha ya mtu imejaa kioo, wenzake humwambia anadesa. Mchoraji wa kweli, wanasema, huchora kutoka kichwani. Wapo na walimu wanaoamini hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa: aliyezoea picha mkono humkwama siku chaji ikiisha, na wahusika wake hukakamaa kama watu wa picha za pasipoti.

Lakini hicho kichwa kina nini ndani? Mwambie mtu achore uso bila kuangalia popote. Macho atayapandisha karibu na nywele, ilhali kwa mtu mzima mstari wa macho uko takribani katikati ya utosi na kidevu. Kwenye paji na utosi hakuna cha kuchora, basi mkono unavipunja.

Mchukue mama anayetoka sokoni Kiboriloni na mkungu wa ndizi kichwani. Nimeona michoro mingi ya mama kama huyo, na kosa ni lile lile: mkungu umekaa kama kofia, hauna uzito. Mabega yamelingana, mkono ulioinuliwa umechomekwa kama tawi la kupandikiza. Sasa fungua picha ya mtu aliyebeba kweli. Mkono ukipanda, bega nalo hupanda, na ncha ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, huinuka nalo. Shingo imesimama wima, kidevu kimetulia. Akihamishia uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, ya pili ikalegea. Hata ngata ina habari yake: imebonyea katikati, kitambaa kimetokeza pembeni, na ni huko kutokeza kunakomwambia msomaji kwamba mzigo ni mzito kabla hajautazama mkungu wenyewe. Nani atayabuni hayo akiwa amekaa kitini? Mama mwenyewe hasubiri umchore. Anavuka barabara, amekwenda. Picha inamsimamisha. Na ukishaujua mwili wake unavyofanya kazi, mzigo ule unaweza kumtwika bibi kizee, shujaa au jini wa hadithi yako, nao utaaminika.

Wapinzani wana haki zaidi wanapolalamikia kupitisha penseli juu ya picha. Studio ya Disney ilipotengeneza katuni ya Snow White, iliyotoka 1937, ilimrekodi mcheza dansi Marge Champion ili wachoraji waone mwili unavyokwenda. Hata hivyo, kufuatisha filamu mstari kwa mstari kulitoa mwendo mgumu. Ilibidi watie chumvi. Filamu iliwapa ukweli wa mwili, mhusika wakamtafuta wenyewe.

Kamera ya simu nayo ina uongo wake. Selfi ya karibu hukuza pua na kuyasogeza masikio nyuma, na asiyelijua hilo huichora pua hiyo akidhani ndiyo sura. Dawa ni kurudi hatua kadhaa ndipo upige.

Kwa hiyo wanaoogopa utegemezi ningewapa zoezi hili: picha tatu nne za mkao mmoja, watu tofauti, kila moja dakika mbili, kisha simu izimwe na mkao uchorwe upya bila kutazama. Kichwa hujazwa hivyo.

Suala la picha ya nani ni jingine. Kumpiga picha mama wa sokoni bila kumwomba ni utovu wa adabu, na picha ya mpiga picha mwingine ina mwenyewe, hasa ukitaka kuuza mchoro. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo. Mimi humwomba mdogo wangu abebe ndoo ya lita 20. Iwe na maji kweli. Siku niliyomwonea huruma nikampa tupu, shingo yake ilidanganya, na mchoro wangu ukadanganya vilevile.