Mahakama iko Arusha, mlango umefungwa kwa Mtanzania

Naishi Uingereza, na pasipoti yangu ni ya Tanzania. Serikali ya huku ikinidhulumu, na mahakama zake zote zikanikatalia, naruhusiwa kujaza fomu mwenyewe na kuipeleka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Hakuna ada. Sihitaji kibali cha serikali ninayoishtaki. Mkataba wa Ulaya unampa haki hizo kila mtu aliye chini ya mamlaka ya nchi iliyousaini, awe raia au mgeni.

Nikirudi kwetu, ambako mimi ni raia kamili, siwezi kufanya hivyo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ingawa tangu mwaka 2007 makao yake yako Arusha.

Tunapokutana sisi wa diaspora, mazungumzo huwa ni mishahara, hospitali, na treni. Hayo yanahitaji fedha na miaka mingi, nayaelewa. Hili la mahakama linaniuma zaidi kwa sababu halihitaji bajeti. Linahitaji tamko la serikali, basi, na tamko hilo tuliwahi kuwa nalo.

Itifaki iliyounda mahakama hii, katika kifungu cha 34(6), inasema mwananchi hawezi kuishtaki nchi yake moja kwa moja mpaka nchi hiyo iwe imetoa tamko la kukubali. Tanzania ililitoa mwaka 2010, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinasita, na Watanzania wakaanza kwenda. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda kudai haki ya mgombea binafsi, akashinda mwaka 2013. Wengi waliomfuata walikuwa wafungwa. Mmoja wao, Alex Thomas, alikuwa amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kupewa wakili, na mwaka 2015 mahakama ikaamua kwamba hakutendewa haki katika kesi yake. Mtu wa namna hiyo hana gazeti linalomsemea wala mbunge anayemkumbuka. Alichokuwa nacho ni karatasi na anwani ya Arusha.

Tarehe 21 Novemba 2019 serikali iliwasilisha notisi ya kuliondoa tamko. Hoja yake ilikuwa kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti iliyoyaweka. Wiki moja baadaye, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, mahakama iliamua kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji inavunja haki ya kuishi. Julai 2020 ikaamua kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa, inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Novemba 22 mwaka huohuo notisi ikaanza kufanya kazi. Kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya siku hiyo ziliendelea. Mtanzania aliyedhulumiwa kesho yake hakuwa na pa kuanzia katika mahakama hii.

Najua jibu ninalopewa kila nikilisema hili: Wazungu wana mahakama zao kwa sababu wamestaarabika, sisi bado. Historia ya huku inakataa. Uingereza iliridhia Mkataba wa Ulaya mwaka 1951, ikakaa hadi 1966 ndipo ikaruhusu mtu binafsi kuishtaki. Ufaransa ilisubiri hadi 1981. Kwa miongo kadhaa Ulaya nayo ilikuwa na tamko la hiari, sawasawa na letu. Lilikuja kufutwa Novemba 1998, haki ya mtu binafsi kushtaki ikawa lazima kwa kila nchi mwanachama. Mwaka huohuo wa 1998, wakuu wetu walikuwa Ouagadougou wakiiandika hiari ileile katika itifaki yetu.

Wala Uingereza haipendi kushindwa. Strasbourg ilipoamua mwaka 2005 kwamba si halali kuwanyima kura wafungwa wote kwa jumla, serikali za huku zilikaidi kwa zaidi ya miaka kumi. Juni 2022 amri ya mahakama hiyo ilichangia kuzuia ndege ya kwanza ya kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, na kuna wanasiasa hadi leo wanaotaka nchi ijitoe kabisa. Lakini ndege ile haikuruka. Hasira ya serikali ilikuwa kubwa, na amri ikaheshimiwa. Hicho ndicho ninachokionea wivu.

Wengine wanasema huko ni kuwakabidhi wageni mamlaka ya nchi. Wageni gani? Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, ameiongoza mahakama hiyo. Mwaka 2021, miezi michache tu baada ya mlango kufungwa, Jaji Imani Aboud alichaguliwa kuwa rais wake. Mtanzania aliongoza mahakama iliyoko Tanzania, ambamo Mtanzania mwenzake hakuweza kumfikia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hapa hajapona.

Na sisi, kuliko taifa jingine lolote la Afrika Mashariki, tulipaswa kujua kwamba namna serikali inavyowatendea watu wake si siri ya ndani. Idi Amin aliwaua Waganda kwa miaka kabla ya kuvuka mpaka na kuingia Kagera mwaka 1978. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulishikilia kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na vijana wetu wakaenda vitani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kuanguka. Usalama wa majirani huanzia pale raia mmoja anapoweza kumsimamisha mtawala wake mbele ya jaji asiyemwogopa.

Njia nyingine zipo na zitumike. Tume ya Afrika iliyoko Banjul bado inapokea malalamiko ya mtu binafsi. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inamsikiliza mkazi yeyote wa nchi wanachama, ila inataka afungue shauri ndani ya miezi miwili, muda ambao mfungwa wa kijijini hawezi kuuwahi. Kwa hiyo hazitoshi. Naomba kila mgombea atakayekuja kutuomba kura, na kila waziri anayekuja huku kukutana na diaspora na kutuhimiza tuwekeze nyumbani, aulizwe swali hili na ajibu hadharani: tamko la kifungu cha 34(6) litarudi lini?