Mgonjwa akiruhusiwa mapema, nani anaokoa fedha?

Mama aliyepangiwa kutolewa kizazi huambiwa asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Asubuhi inaingia dharura ya mjamzito, zamu yake inasogezwa, na saa nane mchana bado anangoja, midomo imemkauka. Hata baada ya upasuaji, uji alioletewa na dada yake unapoa kwenye themosi pembeni ya kitanda, kwa sababu hajatoa upepo.

Mpango wa kupona haraka baada ya upasuaji, maarufu kama ERAS, unayakataa karibu yote hayo. Ulianzia kwenye kazi ya daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, miaka ya 1990, kwa wagonjwa wa utumbo. Mgonjwa anaruhusiwa maji hadi zibaki saa mbili aingie chumba cha upasuaji. Anakula ndani ya saa 24, anatolewa mpira wa mkojo mapema na kusaidiwa kutembea. Maumivu yanatulizwa kwa dawa kadhaa pamoja, ili asitegemee mofini tu.

Je, inalipa? Uchambuzi wa mwaka 2021 ulijumlisha tafiti 31 za upasuaji wa saratani za uzazi, wagonjwa 6,703. Siku za kulazwa zilipungua kwa 1.6, matatizo kwa asilimia 32, na gharama zilipungua kwa wastani wa dola 2,129 kwa kila mgonjwa. Waliorudi kulazwa nao walipungua. Kwangu hilo lina uzito kuliko dola, maana linajibu hofu kwamba wanawake wanafukuzwa wodini kabla hawajapona.

Lakini tafiti nyingi za aina hii hulinganisha wagonjwa wa kabla ya mpango na wa baadaye, na katika kipindi hicho mengine pia hubadilika hospitalini. Mpango wenyewe una gharama: mafunzo, nesi wa kuuratibu, simu za kufuatilia. Na anayepasuliwa kwa matundu madogo huwahi kwenda nyumbani hata bila mpango, kwa hiyo siku za kuokoa ni chache.

Zito zaidi ni kwamba akiba hiyo ilihesabiwa upande wa hospitali, hasa katika nchi tajiri ambako siku moja ya kitanda ni ghali mno. Mama wa kijijini Tanzania akiruhusiwa siku ya pili, uangalizi unahamia nyumbani. Nani atachota maji? Kidonda kikianza kutoa usaha siku ya sita, nauli ya basi na bodaboda ni ya familia, na mara nyingi ni ya mkopo.

Ndiyo maana naona mambo haya mawili yatenganishwe. Maji, uji, kutoa mpira na kutembea havihitaji bajeti mpya, na sioni sababu ya kuvichelewesha hata wiki moja. Kuruhusu mapema kungoje hadi mgonjwa awe na namba ya simu inayopokelewa, na zahanati ya karibu iweze kukagua kidonda. Na hospitali ikitaka kupima faida, iingize kwenye hesabu nauli za kwenda na kurudi, pamoja na siku ambazo dada wa mgonjwa hakufungua genge lake.