Kamera ya 360 haina nyuma, na hapo ndo watu wa kambi wana haki ya kukataa

Wadeplase, yaani waliokimbia vita, wa hapa Goma wakikataa kupigwa picha utasikia eti wanataka pesa tu, ama hawajui faida ya habari yao kufika mbali. Mimi naona wanaeleweka vibaya, na kwa hizi video za VR, zile unavaa kaski unajikuta uko katikati ya tukio, zinazopigwa na kamera ya 360 inayochukua pande zote kwa mara moja, sababu yao ya kukataa ni kubwa kuliko kwa kamera ya kawaida.

Wenye VR nao wana lao, tusiwaonee. Mwaka 2015 mtengeneza filamu Chris Milk alitoa filamu ya VR ya msichana wa miaka 12 wa Syria kwenye kambi ya Zaatari, Jordan, na teknolojia yenyewe akaiita mashine ya huruma. Novemba mwaka huohuo gazeti la New York Times likawatumia wasomaji wake Google Cardboard zaidi ya milioni moja, vile viboksi vya karatasi vya kuweka simu, waone watoto waliokimbia vita Ukraine, Sudan Kusini na Syria. Hata sisi tumo: mpiga picha Karim Ben Khelifa kwenye kazi yake ya VR, The Enemy, aliweka askari wa FARDC, jeshi letu la Congo, na mpiganaji wa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, wanaangaliana, wewe uko kati, unamsogelea unayetaka akueleze adui yake ni nani. Hiyo kazi naiheshimu kabisa, maana wale walikubali kuhojiwa, kila mmoja kwa nafsi yake.

Kambi ni kitu kingine. Chukua kambi ya Bulengo ilivyokuwa kabla ya 2025, bashi (maturubai) zimebanana juu ya mawe ya volkano, watu wanapita kila upande. Kamera ya kawaida ukiiona unageuka, unajifunika kitenge, unapitia nyuma ya mpiga picha, imeisha. Hii ya 360 haina nyuma, imesimama juu ya mguu wake lenzi pande zote, mpaka mwandishi mwenyewe anakimbia kujificha nyuma ya gari asionekane, na ule mguu baadaye wanaufuta kwenye kompyuta. Sasa hebu ona, mwenye kazi yake ndo anajificha, halafu mama anayeogesha mtoto kwenye beseni pale pembeni hana pa kwenda na hakuna aliyemuuliza kitu, ruhusa iliombwa kwa yule mmoja anayeongea.

Na picha haizeeki, hali ya mji ndo inabadilika. Mtu alisema mbele ya kamera mwaka 2023 kwamba amekimbia waasi wa M23, mwisho wa Januari 2025 M23 hao wameshika Goma, kambi zikavunjwa, watu wakarudi kuishi chini ya wale waliowakimbia. Video ya kawaida ingeonyesha uso wake tu. Ya 360 mtu yeyote anaisimamisha, anageuka taratibu, anaona hema la jirani, nani amekaa na nani, kijana gani amesimama kule mwisho na hata hakujua anachukuliwa. Hapo mimi ndo nashindwa kulala.

Watasema nyuso zinafichwa. Sawa, zinafichwa, lakini ukificha kila uso pande zote mtazamaji anabaki katikati ya watu wasio na sura, na ile huruma iliyoleta kamera inapotea, ndo maana wengi hawapendi kufanya hivyo. (Na waliochukuliwa wenyewe hawaioni, video ya namna hiyo inakula mega zote na kaski nani anayo.)

Kwa volkano sina neno, lava ya Mei 2021 kule Buhene ichukueni pande zote mnavyotaka. Kwa watu, kaski irudi kambini kabla ya kutangaza, walio kwenye picha waivae, wageuke, waseme huyu mtoe. Mtasema inachelewesha habari, lakini kuunganisha hizo picha za lenzi nyingi tayari kunaweza kuwachukua siku kadhaa, siku moja ya kurudi inawaua nini?