Mashine za CNC mashuleni: tununue au kwanza tutulie?

Siku hizi mtu akijenga Dar hamwambii fundi amtengenezee geti la nondo, anamwambia nataka geti la CNC, yaani pleti ya chuma iliyokatwa maua au kichwa cha simba na mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa moto mkali wa umeme na hewa, inayoongozwa na kompyuta, ndo hiyo CNC yenyewe. Neno lishakuwa la mtaani kabisa. Na vijana wanaoziendesha hizo mashine wengi hawakufundishwa darasani, walikaa pembeni ya bosi wakaangalia mpaka wakaelewa faili linatokaje kwenye flashi mpaka kwenye pleti.

Sasa ishu ni hii, je serikali iweke hela kununua mashine za hivi kwenye shule za sekondari za amali, yaani zinazofundisha kazi za ufundi pamoja na masomo, na zile za ufundi za zamani? Wanaotaka zinunuliwe wana hoja nzito, tusiwabeze. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali na watoto wa kidato cha kwanza wameanza nao 2024, huwezi kumwita mtoto mwanafunzi wa amali halafu miaka minne anachora geti kwenye daftari. Jina la shule za ufundi kama Ifunda au Moshi Tech halikutokana na ubao, lilitokana na karakana. Na kuna kitu kompyuta peke yake haikufundishi: ukikosea namba moja kwenye amri ya G01, ile ya kusogeza kisu kwa mstari ulionyooka, kwenye skrini unafuta tu unaandika tena, kwenye mashine unavunja kisu na mwili mzima unashtuka, hutarudia.

Wenzetu Kenya walienda kichwa kichwa, wakakopa China wakaletewa mitambo kwenye vyuo vyao vya ufundi kupitia kampuni ya AVIC International. Deni lile limelalamikiwa sana. Ila kitu kimoja walifanya vizuri, tangu 2014 kukawa na mashindano ya Africa Tech Challenge, vijana wanafundishwa kukereza vyuma kwa CNC halafu wanashindanishwa, yani mashine ikapata kazi ya kufanya na kijana akapata sababu ya kuigusa.

Maana ugonjwa wetu uko hapo hapo. Niliwahi kuingia karakana ya shule moja, siitaji, nikakuta mashine ya kukereza ya kompyuta imefunikwa turubai, skrini bado ina ile nailoni ya kiwandani. Nikauliza vipi mwalimu, akacheka. Aliyepelekwa kozi alihamishwa mkoa mwingine, umeme wa njia tatu ulichelewa kufika, na ulipofika mashine ikawaka na maandishi mekundu tu. Kumbe mitambo mingi ya aina ile ina betri ndogo inayotunza kumbukumbu za mipangilio wakati mashine imezimwa, ikikaa muda mrefu betri inakufa na kumbukumbu zote zinapotea, na nakala yake hakuna aliyejua iko wapi. Mashine ya mamilioni imelala kwa sababu ya kabetri kanakotosha kiganjani!! Sasa ukimwambia mtu kama huyu mwalimu kwamba tunaleta nyingine tano atakuangalia tu.

Kwa hiyo wanaosema tusubiri nao hawajakosea, wanachokosea ni kudhani kusubiri ni bure. Hela za mafunzo zenyewe zinazidi kubanwa, ile tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri ilikuwa asilimia 6 ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka 3.5 mwaka 2023, na hata hiyo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, haipati yote. Waajiri wamefurahi, sawa, ila hao hao ndo wanalalamika vijana hawajui kitu.

Mimi msimamo wangu, zinunuliwe, ila isianze mashine. Ianze chumba cha kompyuta chenye FreeCAD, programu ya kuchorea vifaa, ni ya bure, mtoto anachora, anatoa njia ya kisu, anaiona ikizunguka kwenye skrini, mwaka mzima hajagusa chuma. Halafu ije meza ya plazma ya kawaida, ile ile anayotumia fundi wa mtaani, sio mtambo mkubwa wa maonyesho ambao ukiharibika anasubiriwa mtaalamu apande ndege. Hii ya mtaani spea zake zinapatikana mjini na fundi wake yupo. Na kwenye bajeti hiyo hiyo ziingie nozo na elektrodi, vile vipande vya kwenye ncha ya kukatia, maana zinaisha kila siku, na kompresa inayoilisha mashine ikiwa inapuliza hewa yenye maji zinaisha haraka zaidi, vitu hivi havionekani kwenye picha za uzinduzi ndo maana vinasahaulika.

Hela ya nozo itatoka wapi baada ya mwaka? Shule ikate kazi za nje, ilipwe. Hapa najua mafundi watanirukia, kwamba mashine imenunuliwa kwa kodi yao halafu inakuja kuwanyang'anya wateja, na kusema kweli wana haki. Labda shule isichukue mteja wa geti kabisa, imkatie pleti yule fundi ambaye hana mashine, yeye ndo aunganishe, apake rangi, amuuzie mwenye nyumba. Na wale wenye mashine tayari wachukue wanafunzi wakati wa likizo kwa malipo kidogo, maana saizi wanawafundisha watoto wa watu bila hata senti ya hiyo tozo.