Gari "linamaliziwa", mwaka wa tatu sasa

Kwa miaka miwili na nusu nimelipia gari lililokuwa "linamaliziwa". Nikipiga simu kutoka Birmingham: shikamoo fundi, vipi ile Landrover? Marahaba mwanangu, linamaliziwa. Mwezi unaofuata: imebaki bodi tu, linamaliziwa. Natuma hela ya rangi. Wiki mbili baadaye naambiwa rangi imesimama kwa sababu umeme haujafungwa, na hela ya rangi imeingia kwenye umeme, si unajua mambo yanavyokwenda.

Sijaja kuwasema mafundi. Sisi wa ughaibuni tumeshawasema vya kutosha. Wawili tukikutana, salamu hazijaisha mtu ameshaanza: kiwanja changu, nyumba yangu, saruji yangu iliyonywea hewani. Mimi kwa gari hili nimegundua kwamba sehemu kubwa ya kosa ni yangu, na kuligundua kumenigharimu likizo nzima ya wiki sita.

Gari lenyewe ni Landrover 109, Series III ya mwaka 1982, dizeli ya lita 2.25. Baba alilipata mnadani likitoka serikalini. Nyumbani tulikuwa tunaliita Kobe, na baba akisikia anakasirika, lakini kwenye mlima wowote tulikuwa tunapitwa na malori. Limevuka na pantoni la Magogoni mara nyingi kuliko wakazi wengi wa Kigamboni ya leo, limebeba mabati, magunia ya mahindi, bibi harusi, na mara mbili jeneza. Baba alipofariki likabaki chini ya mwembe pale Mjimwema miaka 11, kuku wakitaga kwenye benchi la nyuma. Mnunuzi wa skrepa alikuja, akalizunguka, akataja bei kwa jicho tu, bila hata mizani. Baba mdogo alikuwa ameshakubali. Mama akakataa, na sababu hakutoa. Ndipo likaenda gereji, na mimi nikaanza kutuma hela.

Oktoba 2024 Arusha ilipojaa Landrover kwa mamia, watu wakitaka rekodi ya msafara mrefu, mama alitumiwa video na majirani. Akanipigia saa tano usiku wa huko. "Mama, hizi zote zinatembea. La baba yako liko wapi?" Nikakata tiketi.

Kichekesho ni kwamba pale ninapoishi, Solihull ni mwendo wa basi. Ndiko Landrover zilikoanza kuundwa mwaka 1948. Vita ilikuwa imeisha, chuma kilikuwa cha mgao, alumini ipo, basi wakafunga bodi ya alumini juu ya chasisi ya chuma, ile fremu ya chini inayobeba gari zima. Ndiyo maana chini ya mwembe bodi ya Kobe ilipauka tu, haikuoza. Kilichooza ni chasisi. Kule Uingereza magari huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Kigamboni chumvi inaletwa na upepo wa bahari, mwaka mzima, bure. Siku ya kwanza nilipofika gereji fundi alilala chini ya gari, akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye ule mkono wa chasisi unaobeba bodi chini ya mlango wa dereva. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akageuza shingo akanitazama kutoka kule chini. "Umeona, mwanangu? Hili ningekueleza vipi kwenye simu?"

Kweli angenieleza vipi? Mimi kwenye simu nilikuwa nauliza tarehe.

Uingereza gari likitimiza miaka 40 na halijageuzwa maungo yake, halilipi kodi ya barabara wala halilazimiki kupelekwa kupimwa kila mwaka. Linakuwa mzee wa heshima. Nimewahi kwenda kwenye mikusanyiko ya wenye magari hayo, watu wazima wenye magoti mabovu wanainama kuangalia kama boliti ni ya mwaka wenyewe. Raha kutazama, kusema kweli. Ila nilichojifunza pale ni kwamba wenzetu hawatengenezi sana, wanabadilisha. Chasisi nzima mpya, iliyochovywa kwenye zinki, unaiagiza ukiwa umekaa sebuleni. Pampu ya breki vilevile. Na siwalaumu, maana gereji ya mtaani kwangu inatoza pauni 70 kwa saa, zaidi ya laki mbili za kwetu. Kwa bei hiyo nani amlipe mtu akae anyooshe chuma?

Sasa njoo Gerezani, kwenye gereji ya fundi wangu. Gasketi ya pampu ya maji, ile karatasi ngumu inayoziba maungio yasivuje, ilichanika. Nikasema niagize, nikaanza kupapasa simu. Fundi akamtuma kijana akanunue kipande cha karatasi ya gasketi. Akailaza juu ya mdomo wa pampu, akachukua nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, akawa anagonga pembeni polepole, tik, tik, tik, akiufuata ukingo wa chuma. Karatasi inajikata yenyewe. Matundu ya boliti akayatoa kwa gololi ya beringi: anaiweka juu ya tundu, anaigonga mara moja, kiduara cha karatasi kinadondoka. Dakika kumi hazikufika. Akaipaka grisi, akaifunga, na mpaka leo haijavuja tone. Mikono hiyohiyo ilikata bati la milimita 3 na kuunda upya ile mikono ya chasisi, akipima kwa kamba na ule upande mzima. Mwanamume huyu, kule ninakoishi, angekuwa na foleni ya wateja ya mwaka mzima na angewachagua.

Basi kwa nini gari likae miaka miwili na nusu? Hapa ndipo nilipokaa na kupiga hesabu, kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikiwaangalia wateja wengine wanaokuja na kuondoka. Kwetu fundi halipwi muda, analipwa kazi. Mnapatana, unatoa nusu. Lakini nusu yako inamalizia gari la aliyekutangulia, na gari lako litamaliziwa na nusu ya atakayekufuata. Fundi anaendesha gereji isiyo na mtaji, mtaji wake ni kianzio cha mteja mpya. Anayepewa zamu ni aliyesimama pale kila asubuhi na kukasirika. Mteja wa Birmingham hasimami popote, yeye ni sauti ya Jumapili. Ningekuwa fundi, na mimi ningemweka mwisho.

Nikamwambia: fundi, yale mapatano tuyafute. Kuanzia kesho nakulipa kwa siku, elfu 40 wewe, elfu 20 kijana, kila jioni mkononi, na gari linahamia nyumbani. Akacheka. "Mwanangu, hapo utafilisika." Kobe akavutwa na lori kupitia Daraja la Nyerere, ambalo hajawahi kulivuka kwa nguvu zake maana wakati linafunguliwa mwaka 2016 yeye ameshalala. Akalipiwa tozo kama gari zima.

Kazi ilichukua siku 23. Milioni moja na laki tatu na elfu 80 ya ufundi. Kwa simu nilikuwa nimeshatuma zaidi ya milioni nne. Ile ya siku 23 nikaigawanya kwa bei ya saa ya gereji ya mtaani kwangu: ni saa sita na nusu hivi. Siku 23 za watu wawili, kule zinanunua siku moja isiyotimia. Tangu siku ile mtu akiniambia mafundi wa kwetu wababaishaji huwa namuuliza analipa kiasi gani, na kwa utaratibu upi. Nimeshapoteza marafiki wawili kwa swali hilo.

Mahali ambapo Uingereza inatushinda bila ubishi ni spea. Nilinunua raba za silinda za breki kwenye duka moja Kariakoo, boksi zuri, stika inang'aa. Siku ya pili zimevimba, breki zimeshika, tairi la nyuma linanuka moshi. Nikarudi. Muuzaji akaniinulia risiti na kunionyesha mstari wa chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Kule ningerudishiwa hela yangu na pole juu. Kwa hiyo raba za pili zilikuja kwenye begi la jirani aliyekuwa anatoka London, pamoja na hita plagi nne, vile vidude vinavyopasha moto injini ya dizeli ili iwake. Kwenye injini hii hita plagi zimefungwa mfululizo kama taa za Krismasi, ikiungua moja zote zinakufa, na miaka yote ile baba alikuwa analaumu betri.

Kadi ya gari bado ina jina la marehemu. Hilo ni la mirathi na Mahakama ya Mwanzo, baba mdogo analishughulikia, na yeye hakuna wa kumlipa kwa siku. Angalau ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamia kwenye mafuta.

Tuligombana kidogo na mama kuhusu viti. Mimi nimeshaambukizwa ugonjwa wa Waingereza, nataka turubai la kijivu kama la zamani. Mama akasema yeye amekalia turubai hilo miaka 20, linaunguza mapaja, na kama nalipenda nikalikalie mimi. Vimewekwa vya leza nyekundu. Siku ya kuliwasha alipanda mbele na kanga zake mbili, akasema twende mjini, lakini tusipite darajani, tupite pantoni. Tukapanga foleni saa nzima kwenye jua na hakulalamika hata mara moja.

Niliondoka Jumapili. Alhamisi fundi akanitumia picha: boksi limetandikwa chini ya gia boksi, katikati doa moja la oili, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. "Linavuja kidogo, mwanangu. Nilifungue?" Nikamwambia aliache, lilikuwa linavuja hivyohivyo na baba yupo.