Buibui wa ukutani muacheni bana

Mimi nilikuwa mtu wa ndara. Nikiona buibui ukutani, pa! yaisha. Sasa wiki jana usiku nimeshaivua, yule mdogo wa kurukaruka yuko juu ya swichi ya taa, mpwa wangu akanishika mkono, "Mjomba ngoja, nipe mimi." Akamfunika kwa gilasi, akachomeka kwa simu ile hadubini ndogo nilomnunulia mtandaoni kwa bei ya kuku wawili, tukaangalia.

Wallahi nilishtuka. Macho manane, manne yamejipanga mbele na mawili ya katikati makubwa kama taa za matatu, na yanakuangalia wewe. Ukitulia waona jicho labadilika rangi, mara kahawia mara jeusi tititi, maana kioo cha jicho hakigeuki, kinachogeuka ni mrija wa ndani. Na miguu yake, maungo makubwa hayana musuli wa kuyanyoosha, asukuma kwa maji ya mwilini vile tipa inavyoinua bodi kwa oili. Ndiyo maana akifa hujikunja, presha imeisha.

Ana jamaa yake huko Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, yule humpenda zaidi mbu jike aliyeshiba damu, na watafiti wameona hata harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta. Wangu hana ubingwa huo lakini mbu akimpata hamuachi. Na sisi Mombasa mbu twawajua, homa ya dengi 2013, chikungunya 2018 vijana watembea wamepinda mgongo kama wazee, maji ya mfereji hayaji kwa hivyo twajaza madumu na mapipa, na yule mbu wa miguu ya madoadoa meupe, anayeuma mchana, huzalia humo humo. Halafu twanunua dawa ya kupuliza twampulizia buibui! Hapo ndipo naona hatuna akili.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, utando aliufagia, eti waleta ufukara, lakini buibui mwenyewe haguswi kwa kile kisa cha Mtume (SAW) pangoni, buibui alipomficha kwa utando. Vunjajungu naye haguswi, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika. Mpwa alipomtoa mmoja kwenye mlimau, mimi na ndevu zangu nikakataa kumshika, nikaangalia kwa simu tu. Mikono ile anayoikunja kama yuasali ina miba pande mbili, yajifunga kama kisu cha kukunja na nzi yuko katikati. Kuna na kidoa cheusi ndani ya jicho, ukienda kushoto chakufuata, ukienda kulia chakufuata, kumbe si mboni, ni vile vijicho vidogo vilivyoelekea kwako ambavyo havirudishi mwanga.

Kinachoniuma ni skuli nilosoma. Hadubini tatu zilikuwepo, kabatini, kufuli, ufunguo kwa mtu ambaye hakuwa akionekana. Buibui tulichorewa ubaoni, miguu yote yatoka tumboni, tukanakili na tukapata tiki, na mimi mpaka wiki jana nilikuwa najua hivyo, kumbe yote minane yatoka kifuani. Mtoto wa darasa la saba ndiye aliyenirekebisha, tena kwa kucheka.

Buibui tulimrudisha pale pale kwenye swichi. Jana kashuka mpaka karibu na kitanda, nimemuacha. Madumu nimeyafunika, ndara iko mlangoni.